Wasioweza Kuondoka

1

Mishahara mipya ilitangazwa saa nne asubuhi, kama ilivyo kila mwisho wa mwezi, lakini katika wodi ya watoto njiti hakuna aliyetazama simu yake mpaka mtoto wa kitanda cha dirishani alipoanza kupumua tena.

Subilaga Mwaseba, muuguzi mkuu wa zamu, alimsugua nyayo kwa kidole gumba huku mkono wa pili ukishikilia barakoa ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Hakupandisha sauti. Alikuwa akilalamika, kwa sauti ile ile ya siku zote. Mtungi wa oksijeni umebaki robo. Kidhibiti chake kinavuja tangu Jumatatu. Fundi alisema yuko njiani, na hiyo njia sijui inapitia nchi gani. Kama serikali inataka watoto wa gramu mia tisa wajipulizie wenyewe, basi itoe tamko, wazazi wajue.

Mtoto alilia, kilio chembamba kama mlango unaohitaji mafuta.

“Haya,” Subilaga alimwambia. “Na wewe lalamika. Ndiyo kuishi huko.”

Karibu na mlango alisimama mdogo wake, Atuganile, amevaa joho la wageni juu ya nguo za ofisini. Alikuwa mhakiki katika Ofisi ya Vipimo huko makao makuu, Chamwelu, na kazi yake ilikuwa kutafuta makosa katika mashine iliyopanga mishahara ya watumishi wote wa umma. Sheria ilimruhusu kuingia mahali popote pa kazi na kusikiliza. Alikuja kusikiliza namna watu wanavyoanza zamu.

Muuguzi wa zamu iliyofuata aliingia akiwa na mfuko wa plastiki kichwani. Mvua ilikuwa inanyesha.

“Habari za nyumbani?” Subilaga alimuuliza.

“Nzuri, dada.”

“Watoto?”

“Hawajambo. Ila paa limeondoka na upepo jana. Tumelala kwa jirani.”

“Lote?”

“La mbele lote. La jikoni limebaki.”

“Pole. Osha mikono, uje umshike huyu.”

Atuganile hakuandika chochote. Aliwatazama shingoni, mahali ambapo kila mmoja alivaa kitambulisho cha plastiki cheupe chenye kitobo cha kunasa sauti. Jina lake rasmi lilikuwa Kipokezi cha Mtumishi. Watumishi walikiita kupe, kwa sababu kilikaa shingoni na kunyonya. Hata yeye alikuwa na chake.

Subilaga alipopata nafasi alifungua simu, akasoma, akairudisha mfukoni.

“Umefika sakafuni?” Atuganile aliuliza.

“Nimefika. Nusu kamili.” Alicheka kidogo. “Angalau sasa najua sitashuka tena. Mtu akiwa chini kabisa analala vizuri.”

“Dada, muswada unaokuja mwezi ujao unaondoa sakafu.”

Subilaga alimtazama kama anavyotazama mashine inapopiga kengele, akisubiri kujua kama ni kweli au ni waya uliolegea tu.

“Basi zuia,” alisema, akarudi dirishani.

2

Sheria ya Ukomo ilikuwa na umri wa miaka minne. Ilizaliwa mwaka ambao hazina ilishindwa kulipa riba ya madeni na mishahara katika mwezi mmoja. Bunge lilibishana wiki nzima. Wengine walitaka theluthi moja ya watumishi waachishwe kazi. Wengine walitaka kila mmoja akatwe sawa, nao wakajibiwa kwamba ukikata sawa, wazuri wenye pa kwenda wataondoka na utabaki na wengine. Hapo ndipo wizara ilipoleta mashine.

Ukomo ni kiwango cha chini kabisa cha mshahara ambacho mtumishi angevumilia kabla ya kuacha kazi. Kila mtu anao, wala hakuna anayeujua wake. Mashine iliukadiria kwa kusikiliza: sauti, mapigo ya moyo, saa za kufika na kuondoka, maneno ya mtu anapoanza kazi na anapomaliza. Ilifunzwa kwa watu elfu sita wa majaribio walioshushiwa mishahara kidogo kidogo mpaka baadhi yao walipoondoka. Kisha kila mtumishi alilipwa ukomo wake na kitu kidogo juu yake. Wizara ilitamka kwamba hakuna atakayepoteza kazi, na hakuna aliyepoteza. Akiba ilikuwa kubwa kuliko walivyotarajia. Wabunge wachache walisisitiza liwepo jambo moja tu la huruma: hata ukomo wa mtu uwe chini namna gani, asilipwe chini ya nusu ya mshahara wake wa zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa sakafu.

Watu walijaribu kuidanganya mashine. Walisimama mbele ya wakubwa wao na kupiga kelele kwamba wanaacha kazi kesho. Mashine haikuhesabu kelele hizo, kwa sababu katika majaribio wengi wa waliozipiga hawakwenda popote. Pakaanzishwa twisheni za kuichukia kazi, jioni, kwa ada. Walimu wa shule za msingi walihudhuria kwa wingi, wakafanya mazoezi waliyopewa, wakasahihishiana.

Aliyefaulu bila twisheni alikuwa Kibwana Lukindo, mhakiki mwenzake Atuganile, ambaye meza zao zilitazamana. Kibwana alifika saa tatu kasoro, akaondoka saa tisa na nusu, na katika miaka minne mshahara wake haukupungua hata senti.

“Mimi sina siri,” alipenda kusema. “Kesho wakinipa kazi ya kuuza matikiti maji, naenda. Mashine inajua. Tunaheshimiana.”

“Kibwana, jedwali lako la jana lina makosa mawili.”

“Mawili tu? Nazeeka vizuri.”

Atuganile aliyasahihisha yote mawili, kama kawaida, huku akinung’unika. Yeye alilipwa karibu na sakafu. Alikuwa amejihesabia mwenyewe mara moja na kuona kwamba mashine haikumwonea. Jedwali lenye kosa lilimsumbua kama punje ya mchanga kwenye jicho, na hapakuwa na ofisi nyingine nchini yenye majedwali makubwa kuliko hii.

Wiki moja baada ya kutoka wodini alipata alichokuwa akikitafuta. Mashine iliupa uzito mkubwa sana mwanzo wa zamu, yale maneno ya kwanza kabisa. Wataalamu walioijenga waliazima msingi wake kutoka nchi ambako mtu akiulizwa hali yake husema hali yake. Hapa mtu ambaye paa lake limeondoka na upepo hujibu nzuri kwanza, kisha ndipo huja ile “ila”. Mashine ilisikia nzuri, ikaandika kwamba mtumishi ameridhika, ikashusha mshahara. Ilikuwa ikifanya hivyo kila asubuhi, kwa watu laki nne.

Alimpelekea taarifa mkuu wake, ambaye hakujibu. Baada ya siku kadhaa, kama utaratibu ulivyomruhusu mhakiki, aliiwasilisha kwa kamati ya bunge. Mheshimiwa Ndyanabo, mwalimu wa zamani wa hesabu aliyekuwa akipinga muswada karibu peke yake, alimpigia simu asubuhi ile ile.

“Mhakiki Mwaseba? Mama, umenipa rungu. Miaka minne natafuta rungu, nawe ulikuwa umelikalia.”

“Ni kosa moja, Mheshimiwa. Sijamaliza kulichunguza.”

“Moja linatosha. Tutawaambia wananchi mashine hii haijafunzwa adabu. Haijui hata kusalimiwa.”

Akawaambia. Redio zilicheka siku nzima. Kwa muda wa wiki hiyo watumishi wa umma walijibizana “mbaya” katika makorido yote, na mzee mmoja aliyekwenda kufuatilia pensheni yake, akasalimu na kujibiwa hivyo na karani, aligeuka akarudi nyumbani akidhani ofisi imefiwa.

Wabunge waliokuwa hawajaamua wakaanza kusema kwamba sakafu isiguswe mpaka mashine itengenezwe. Kwa mara ya kwanza ilionekana muswada ungeanguka.

3

Atuganile alikuwa bado hajamaliza. Kosa likishapatikana, mhakiki hulitoa, kisha hupiga hesabu upya aone kosa hilo lilikuwa na ukubwa gani. Hiyo ni kanuni ya ofisi, na kwake ilikuwa zaidi ya kanuni. Alizifuta salamu zote katika sauti za miaka minne, akaiacha mashine isikilize kilichobaki.

Matokeo yalitoka mchana, Kibwana akiwa anakula karanga. Atuganile aliyatazama, akarudia hesabu kwa njia nyingine, akayatazama tena.

“Umefiwa?” Kibwana aliuliza.

“Yameshuka.”

“Nini kimeshuka?”

“Ukomo. Wa wauguzi, wa walimu, wa watu wa maji. Nimetoa salamu na umeshuka zaidi. Hawa watu wangevumilia hata robo.”

Kibwana alizunguka meza akaja kutazama. Hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu tu. Alifuata mistari kwa kidole chenye chumvi.

“Kwa sababu ya malalamiko,” alisema hatimaye.

“Kwa sababu ya malalamiko.”

Lilikuwa jambo rahisi, na lilikuwa limekaa ndani ya majaribio tangu mwanzo. Katika wale elfu sita, walioondoka hawakuwa wakilalamika. Miezi yao ya mwisho walikuwa watulivu, wenye adabu, wakitoka kwa wakati, wasioulizia kidhibiti kinachovuja wala chaki zilizokwisha. Waliolalamika juu ya kazi yenyewe, waliogombana na fundi, waliopiga simu bohari, hao hawakuondoka hata walipolipwa kiasi ambacho wizara iliona haya kukiandika. Salamu zilikuwa zimeyafunika malalamiko hayo. Sasa mashine iliyasikia vizuri, na ilikuwa sahihi kuliko ilivyowahi kuwa.

Alitafuta namba ya Subilaga. Ilikuwa karibu na mwisho kabisa wa safu. Mashine ilikuwa imezingatia pia kwamba mtumishi huyu alihamia ndani ya eneo la hospitali, kwa hiyo halipi kodi ya nyumba, kwa hiyo mahitaji yake yamepungua.

“Kwa nini uliendelea?” Kibwana alimuuliza. “Ulikuwa na kosa lako zuri, redio zinacheka, kila mtu anakupenda. Ungeachia hapo.”

“Nilikuwa sijamaliza.”

“Ndiyo maana unalipwa kama mfagizi na mimi nanunua kiwanja.” Alirudi kitini kwake. Kisha alisema kwa sauti ya chini zaidi, “Mimi sijaona kitu. Niliona karanga.”

4

Subilaga aliishi katika chumba kilichokuwa zamani cha kufulia nguo za hospitali. Tangu mwaka uliopita alikuwa amempeleka binti yake akaishi na bibi yake. Kulikuwa na kitanda, jiko la umeme la sahani moja, na beseni kubwa la saruji ukutani ambalo sasa lilitumika kama kabati. Atuganile alileta wali na maharage kutoka mgahawani, wakala wakiwa wamekaa kitandani, sahani magotini. Kupe zao walizifungia ndani ya sufuria yenye mfuniko, kama watu wote walivyofanya wanapotaka kusema jambo.

Atuganile alimweleza kila kitu kwa mpangilio. Kesho kutwa angehojiwa mbele ya kamati. Ndyanabo angemuuliza juu ya salamu. Huenda mtu mwingine angemuuliza kilichofuata.

“Subiri,” Subilaga alisema. “Nikinyamaza juu ya oksijeni, mshahara wangu unapanda?”

“Ukinyamaza kwa miezi kadhaa, ukatoka zamu ikiisha, ukaacha kumpigia fundi. Ndiyo. Unapanda.”

“Na mtoto wa dirishani?”

Swali hilo halikuwa na safu katika jedwali.

“Basi mashine ina akili kuliko mchumba wangu wa kwanza,” Subilaga alisema. “Yule alidhani nikigomba naye nataka kumwacha.” Alikwangua sahani. “Sema hujui.”

“Nini?”

“Wakikuuliza kilichofuata. Sema hujui.”

“Najua, dada. Nimehesabu mara mbili.”

“Ndiyo maana nakuomba wewe. Akisema Kibwana hatasadikiwa. Wewe tangu utoto hujawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Shangazi alikuuliza kama amenenepa, ukamwambia kwa kilo ngapi.”

“Aliuliza.”

“Ukiusema wewe, wataamini.” Subilaga aliweka sahani chini. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa dawa za kunawia. “Sikuombi kitu kikubwa. Nusu ilikuwa inatosha. Nilikuwa nimeshaizoea nusu.”

Nje mtu aliburuta mtungi kwenye saruji, na Subilaga akainua kichwa, akasikiliza, akajua kwa mlio kwamba ni mtupu.

5

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya viyoyozi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Salha Mgonja, alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa vichekesho, na aliwaacha wabunge wamalize vyao kwanza.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema mbunge mmoja wa upande wa serikali, “akiba hii imelipa madeni. Imejenga zahanati mia mbili. Leo tunaambiwa tuirudishe kwa sababu ya habari za asubuhi?”

“Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!” Ndyanabo alisimama. “Nampa taarifa mzungumzaji kwamba zahanati hizo ndani yake wamo watu, na watu hao ndio waliozilipia.”

“Mheshimiwa, taarifa unaipokea?” Mwenyekiti alimuuliza mzungumzaji.

“Siipokei. Hao watu wamelalamika? Wako kazini! Ungekuwa mshahara mdogo wangeondoka.”

Meza zilipigwa. Ndyanabo alimgeukia Atuganile, aliyekaa kwenye kiti cha shahidi na kupe yake shingoni, kwa kuwa alikuwa kazini.

Aliulizwa juu ya salamu, akajibu. Alieleza ile “nzuri” na ile “ila”. Alitumia mfano wa paa, bila kumtaja mwenye paa. Watu walicheka mahali ambapo alitarajia wacheke, kisha wakanyamaza mahali ambapo hakutarajia. Mbunge mmoja mzee alitikisa kichwa na kusema, bila kipaza sauti, “Tunawakata watu kwa adabu zao.” Ndyanabo alikaa akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Mwenyekiti alivua miwani.

“Shahidi, nina swali moja. Ukiziondoa hizo salamu, mashine inasema nini?”

Atuganile alikuwa amelitazamia swali hilo siku mbili. Alikuwa amelipima kama anavyopima kila kitu. Akisema kweli, sakafu inaondolewa leo, na wizara inapata mashine kali kuliko ya mwanzo, zawadi kutoka kwake. Akisema uongo, kuna uwezekano muswada uanguke. Alijua kweli ilikuwa na thamani gani, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa amekipenda bila kulipwa. Hakuona njia ya kuweka vitu viwili hivyo kwenye mzani mmoja. Aliona mikono iliyopasuka.

“Sijafanya hesabu hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti.”

Hakuna aliyeshtuka. Sauti yake ilikuwa ile ile. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na jinsi ambavyo, papo hapo, chumba kilionekana kama chumba chochote.

“Basi ifanyike,” Mwenyekiti alisema, akavaa miwani. “Hatuwezi kupigia kura kosa tusilolijua ukubwa wake. Tena sidhani ni haki aifanye aliyeligundua. Ofisi yenu ina mhakiki mwingine?”

“Yupo.”

“Anaitwa nani?”

6

“Kubonyeza tu?” Kibwana aliuliza. “Wamekaa bunge zima wakaamua mimi nibonyeze?”

“Kibwana, sikiliza.” Atuganile alikuwa amesimama mbele ya meza yake, kupe zao zikiwa zimefungiwa drooni. Hakuwahi kusimama hapo kwa kuomba. “Unaweza kuchagua sauti za mwaka wa kwanza tu. Za mwaka wa kwanza hazionyeshi vizuri. Hakuna atakayejua. Nitakuandalia mwenyewe.”

“Wewe?” Kibwana alimtazama muda mrefu, bila utani. “Wewe unaniambia hivyo?”

“Ndiyo.”

“Dada, mimi nakupenda, lakini kudanganya ni kazi. Kudanganya vizuri kunataka mtu anayejali. Wataniita, wataniuliza kwa nini mwaka wa kwanza, nitaanza kujikanyaga. Mimi nimeambiwa nibonyeze sauti zote.” Akabonyeza. “Nimebonyeza.”

Kamati ilipokea matokeo siku iliyofuata. Ndyanabo alizungumza kwa saa nzima, akasema mengi yaliyokuwa kweli, lakini hakuwa tena na rungu. Aliuliza kama ni haki kumlipa mtu kidogo kwa sababu anampenda mgonjwa wake. Mbunge wa upande wa serikali alimuuliza kama wataondoka. Ndyanabo alikuwa mwalimu wa hesabu. Alitazama namba na kusema hapana, hawataondoka. Muswada ulipita kwa wingi wa kura, na salamu zikaondolewa katika mashine rasmi, kwa shukrani kwa Ofisi ya Vipimo.

Vifo katika wodi za watoto njiti havikuongezeka. Waziri alilisema hilo bungeni miezi michache baadaye, na lilikuwa sahihi. Mtoto wa dirishani alitoka akiwa na kilo moja na gramu mia nane.

Atuganile aliendelea kwenda kazini. Alifika saa tatu kasoro. Jedwali la Kibwana lilikuwa na makosa, naye aliyaona na kuyapita, kama mtu anavyopita karibu na nyumba aliyokuwa akiishi zamani. Hakunung’unika. Saa tisa na nusu alichukua mkoba wake. Kibwana alikuwa wa kwanza kulitambua hilo, na hakulifanyia mzaha.

Mwisho wa mwezi wa nne tangu kura hiyo, saa nne asubuhi, simu yake iliita. Mshahara wake ulikuwa umepanda. Mwezi uliofuata ulipanda tena. Kati ya watu wote waliokuwamo katika chumba kile cha kamati, hakuna aliyewahi kugundua kwamba mhakiki Mwaseba alisema uongo. Mashine nayo haikuujua uongo wenyewe. Ilichojua ni kwamba kulikuwa na kitu kilichomfunga mwanamke huyu mezani, na kwamba sasa hakipo.

Nyongeza yote alimpelekea Subilaga. Subilaga aliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa mshahara wake sasa ulitosha sabuni na vocha tu. Alipofika wiki iliyofuata, Atuganile alikuta juu ya mtungi wa dirishani kidhibiti kipya kinachong’aa, na dada yake akimwambia fundi, kwa sauti ile ile, kwamba hiki amenunua mwenyewe na akikiharibu atamlipa kwa meno. Kupe ilikuwa shingoni pake. Atuganile alijua, bila kuhitaji kupiga hesabu, kwamba ukomo wa dada yake ulikuwa ukishuka wakati huo huo, wao wakiwa wamesimama pale.

Alifikiri kumwambia. Kisha aliona haina maana.

Subilaga alimaliza na fundi, akanawa, akaja mlangoni akifuta mikono.

“Habari za kazi, mdogo wangu?”

“Nzuri.”

Subilaga aliendelea kufuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja, akimtazama usoni. Alikuwa akisubiri ile “ila”. Mikono ilikuwa imeshakauka, naye bado alisubiri, na haikuja.